Huduma ya Kujiundia Simuni Ikigoma: Dalili, Sababu na Tiba

Kuna majukwaa ambayo mtu mwenye simu tu, asiyejua kuandika programu, anajipangia huduma yake ya wavuti. Anachukua kipande kinacholeta utabiri wa mvua, anakiunga na kingine kinachochuja siku, anaongeza kitufe na arifa, anahifadhi. Kesho yake anaifungua kama tovuti nyingine yoyote. Mwongozo huu ni wa wanaosimamia majukwaa hayo na kupokea malalamiko, ingawa muundaji mwenye subira naye ataambulia kitu. Dalili nimeziandika kwa maneno ya watumiaji wenyewe, maana hakuna anayelalamika kwamba tokeni yake, yaani kibali chake cha kuingia, imekwisha muda. Analalamika kwamba haifunguki.

Kwanza tafuta data ilipokatikia

Kabla ya kuonekana, data hupita vituo vinne: chanzo, vipande vinavyoichakata, safari ya kwenda kwenye simu, na kivinjari kinachoichora. Kosa liko kwenye kimojawapo, na kulitafuta kwenye vyote kwa mpigo ni kupoteza siku. Fungua chanzo peke yake, nje ya huduma. Kikijibu vizuri, endesha kipande cha kwanza peke yake, kisha cha pili. Pale ambapo kilichoingia ni kizima na kilichotoka ni kibovu, umefika.

Kazi hiyo isiwe ya msimamizi tu. Yahoo Pipes, iliyofunguliwa mwaka 2007 na kufungwa 2015, ilikuwa na kidirisha chini ya skrini: ukichagua kipande chochote, matokeo yake unayaona hapo hapo. Ukiunda jukwaa la simu, kishawishi cha kukiacha kidirisha hicho ni kikubwa kwa sababu nafasi ni finyu. Usikiache. Muundaji akiona kwamba kichujio kimepokea mistari 40 na kutoa 0, atajua mwenyewe kuwa ameweka sharti gumu mno. Asipoona, atakuandikia wewe.

"Jana ilifunguka vizuri, leo skrini nyeupe"

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na mara nyingi aliyelileta hajagusa kitu. Kilichobadilika ni chanzo. Huduma za kujiundia husimama juu ya data ya watu wengine, na wenye data hawana mkataba wowote na mtu anayepanga vipande kwenye simu yake. Mwaka 2023 Twitter ilifunga mlango wa bure wa API yake, yaani njia ambayo programu nyingine huchukulia data yake, na mwaka huohuo Reddit ikaanza kutoza ada kwa matumizi makubwa. Huduma nyingi ndogo zilizotegemea milango hiyo zilizimika bila waundaji wake kukosea hata herufi moja.

Soma namba ya jibu linalotoka kwenye chanzo. Ikiwa ni 404, anwani imehama au imefutwa. 401 maana yake ufunguo au tokeni haikubaliki tena, kwa hiyo mtumiaji aingie upya. 403 ina utata kidogo: huenda ufunguo ni mzima ila hauruhusiwi kufika pale, au chanzo kimeamua kuizuia seva yako. 429 inasema umeomba mara nyingi mno. Usijaribu tena papo hapo, kwani kila jaribio laweza kuongeza adhabu. Tazama kama jibu limekuja na kichwa (maelezo yanayotangulia jibu) cha Retry-After, usubiri muda kinaoutaja. Kuanzia 500 kwenda juu, kosa ni la wenye chanzo. Mwambie mtumiaji hivyo, kwa maneno hayohayo, asije akafuta kazi yake na kuanza upya bure.

Kesi ngumu ni ile ya namba 200, yaani kila kitu ni salama, na bado skrini ni nyeupe. Hapo tazama herufi ya kwanza ya jibu. Ulitarajia JSON, muundo wa kuandikia data unaoanza na mabano { au [, ukapata alama <. Basi hukuletewa data, umeletewa ukurasa: pengine ukurasa wa kuingia, pengine tangazo la matengenezo, pengine ule ukurasa wa Wi-Fi ya umma unaomtaka mtu akubali masharti kwanza. Mwombe mtumiaji azime Wi-Fi na ajaribu kwa data ya simu. Ikifunguka, mmemaliza.

Kipande kinachosoma ukurasa wa kawaida na kunyofoa namba kwa kuhesabu, kwa mfano jedwali la pili, safu ya nne, ni bomu linalosubiri siku yake. Wenye tovuti wakiongeza safu moja tu, huduma inaanza kunyofoa kitu kingine kabisa bila kutoa kosa lolote. Afadhali skrini nyeupe kuliko namba ya uongo ambayo mtu ataiamini. Mpe muundaji njia ya kunyofoa kwa jina la kichwa cha safu, na umwekee ukaguzi mdogo: kama kilichopatikana si namba, au kimeruka mno kutoka kwenye thamani ya mwisho, huduma isimame na iseme kwa nini. Kukiwa na mlisho wa RSS, yaani orodha ya habari mpya iliyoandaliwa isomwe na programu, achana na kunyofoa kabisa.

Mambo mawili yana sura inayotambulika haraka. Huduma inayokufa kila baada ya siku 7 na kufufuka mtumiaji akiingia upya: angalia usajili wa programu yako kwa Google. Ikiwa bado iko katika hali ya majaribio, tokeni za kujihuisha kwa kawaida hudumu siku hizo 7 tu, na dawa ni kuitoa majaribioni. Ya pili ni kipande kinachojibu vizuri kikiitwa kutoka kwenye seva lakini kikiitwa kutoka ndani ya kivinjari kinagoma. Hiyo ni sera ya CORS: chanzo hakijaruhusu kurasa za tovuti nyingine zisome majibu yake. Hakuna mpangilio wa simu utakaoliondoa hilo. Ombi lipitie kwenye seva ya jukwaa.

"Kwangu inafunguka, kwa mwenzangu haifunguki"

Mwambie muundaji afungue kiungo chake kwenye dirisha la faragha. Ikigoma hapo, huduma inategemea kitu chake binafsi: ameingia kwenye akaunti fulani, ameruhusu mahali alipo, au kuna data iliyohifadhiwa kwenye kivinjari chake tu. Jukwaa zuri humwonya kabla hajabonyeza kitufe cha kushiriki kwamba kipande fulani kinatumia ufunguo wake, na kwamba atakayefungua kiungo ataombwa wake.

Ikifunguka kwenye dirisha la faragha lakini ikagoma kwa mwenzake, sasa geukia simu ya huyo mwenzake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi wetu tunaojenga majukwaa haya hatulalii simu za bei nafuu. Simu za vitufe zenye mfumo wa KaiOS 2.5 zina kivinjari kilichojengwa juu ya injini ya Firefox 48. Injini hiyo ni ya 2016 na haielewi maneno ya lugha ya JavaScript yaliyokuja baadaye, kama vile async na await. Kivinjari kikikutana na neno kisilolijua hakiruki mstari mmoja. Kinakataa faili zima, na ukurasa unabaki mweupe. Ndiyo maana dalili inaonekana kubwa kuliko kosa. Badilisha msimbo uwe wa lahaja ya zamani kabla ya kuutuma, na hakikisha maudhui ya msingi yanakuja kwenye HTML yenyewe. Simu hizo pia hazina mguso, kwa hiyo kila kitufe kifikike kwa mishale, na skrini ya pikseli 240 kwa 320 iwe sehemu ya majaribio yako.

Opera Mini ikiwa katika hali ya kubana data kupita kiasi, JavaScript huendeshwa kwenye seva za Opera na simu hupokea ukurasa uliokwisha kupangwa na kubanwa. Hesabu ya sekunde inayorudi nyuma, orodha inayojisasisha, kisanduku kinachofunguka taratibu: vyote vitaganda. Ukurasa usitegemee hivyo ili kueleweka.

Mtumiaji akisema kivinjari kinadai tovuti si salama ilhali wengine wanaingia, mambo mawili yanatosha kuuliza. La kwanza, je, tarehe ya simu ni sahihi? Simu iliyokaa bila chaji ikarudi kwenye tarehe ya kale hukataa vyeti vyote vya HTTPS, kwa kuwa kwake havijaanza kutumika. La pili ni toleo la Android. Matoleo yaliyo chini ya 7.1.1 hayakitambui cheti mama cha sasa cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya HTTPS bure, na daraja lililowekwa kuyasaidia liliisha muda tarehe 30 Septemba 2024. Firefox huja na orodha yake ya vyeti, kwa hiyo toleo lake linalokubali simu hiyo laweza kumwokoa mtumiaji asiye na uwezo wa kubadili simu.

Na kama ukurasa unafunguka ila maandishi ni madogo ajabu, hakuna siri kubwa. Umesahau tagi ya viewport, inayoielekeza simu upana wa kuchora, simu imedhani ni ukurasa wa kompyuta, ikauchora kwa upana wa pikseli kama 980 na kuubana. Jukwaa lenyewe liiweke tagi hiyo, muundaji asihitaji kujua kuwa ipo.

"Inamaliza bando"

Piga hesabu mbele yake, itamshangaza. Huduma inayojisasisha kila dakika 5 huomba data mara 288 kwa siku. Kila jibu likiwa na kilobaiti 200, hizo ni takriban megabaiti 57 kwa siku, kwa mtu mmoja, kwa jambo ambalo labda hubadilika mara mbili. Mara nyingi muundaji alichagua dakika 5 kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kwenye orodha.

Tiba ipo upande wa jukwaa zaidi kuliko upande wake. Weka saa moja iwe chaguo la kawaida. Tumia ETag, alama ya toleo la jibu, ili kama hakijabadilika kitu seva ijibu 304 tu, bila kutuma data yenyewe. Punguza jibu kabla halijaondoka: chanzo kikitoa sehemu 60 na huduma inaonyesha 3, tuma hizo 3. Halafu waunganishe watu. Watumiaji 1,000 wanaosoma chanzo kimoja kila dakika 5 hufanya maombi 288,000 kwa siku, na hapo ndipo zile 429 zinapotoka. Seva yako ikisoma mara moja kwa niaba ya wote, chanzo kinaona 288. Tahadhari ni moja tu: usichanganye kamwe majibu yaliyopatikana kwa ufunguo wa mtu binafsi na akiba ya wote, usije ukamwonyesha mmoja barua za mwingine.

"Nimebadilisha, bado inaonyesha ya zamani"

Kama huduma ina service worker, yaani hati inayofanya kazi nyuma ya ukurasa na kuhifadhi nakala zake, karibu kila mara mhalifu ni yeye. Toleo jipya hushuka na kungoja hadi kurasa zote za huduma hiyo zifungwe, na watu wa simu hawafungi kurasa, wanaziacha zilivyo. Onyesha ujumbe wa "kuna toleo jipya, gusa uone", kisha ulazimishe badiliko. Bila service worker, tazama kichwa cha Cache-Control, kinachosema nakala itunzwe muda gani. Andika pia chini ya kila kipande saa ambayo data ilisomwa. Malalamiko ya namna hii yatapungua siku hiyohiyo.

"Haikuniarifu" na "imeniarifu saa mbaya"

Arifa isiyokuja kabisa ina sababu zinazojulikana. Kwenye iPhone, arifa za wavuti zilianza na iOS 16.4 mwaka 2023, na ni kwa huduma iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo tu. Ikifunguliwa ndani ya Safari kama ukurasa wa kawaida hazipo. Android 13 na kuendelea huomba ruhusa ya arifa waziwazi, na mtu aliyegusa "usiruhusu" kwa haraka hatakumbuka. Kisha kuna kubana betri: tangu Android 6 simu iliyotulia husogeza mbele kazi za chinichini, na baadhi ya watengenezaji wameongeza ukali wao juu yake. Kwa hiyo ratiba isitegemee simu kuamka yenyewe. Seva ndiyo ishike saa na kusukuma arifa.

Arifa inayokuja kwa saa mbaya inavutia zaidi, kwani ukubwa wa tofauti hukutajia sababu. Ikiwa imepishana kwa idadi ileile ya saa ambazo ukanda wa mtumiaji umepishana na UTC, saa ya marejeo ya dunia, seva imehifadhi muda bila ukanda. Ikiwa ilikuwa sawa kwa miezi kisha ikapishana kwa saa 1 ghafla, umehifadhi tofauti kama +01:00 badala ya jina la ukanda kama Europe/London, na saa za majira zimebadilika. Na ikiwa imepishana kwa saa 6 kamili, usiisumbue seva. Mtu ameandika "saa 2" akiwa na maana ya asubuhi jua likiwa limeshatoka, na fomu imesoma 02:00. Fomu ya Kiswahili imtake achague asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha imrudishie alichochagua kwa namna zote mbili: saa 2 asubuhi, yaani 08:00. Tarehe nazo hivyo hivyo. 03/04 ni mtego, andika jina la mwezi.

Huduma zote zikichelewa kwa pamoja mwanzoni mwa saa, kila mtu amechagua dakika 00. Zitawanye kwa sekunde chache za bahati nasibu. Hakuna atakayegundua.

"Kazi yangu imefutika"

Ikiwa rasimu huhifadhiwa kwenye kivinjari tu, lalamiko hili litakuja. Tangu 2020 Safari hufuta data iliyoandikwa na msimbo wa ukurasa baada ya siku 7 za kutumia kivinjari bila mtu kuigusa tovuti hiyo. Simu zilizojaa nazo hufuta bila kuuliza. Hifadhi kwenye seva kila hatua, hata kabla mtu hajafungua akaunti, na umpe kiungo cha kurudia.

"Ujumbe mmoja umenikata mara tatu"

Hii ni ya huduma zinazotuma SMS. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, na ukizidi hugawanywa vipande vya 153. Lakini ikiingia herufi moja tu isiyo kwenye alfabeti ya GSM, yaani seti ya herufi za kawaida za SMS, ujumbe mzima hubadilishwa usimbaji na kikomo hushuka hadi 70, vipande vikiwa vya 67. Emoji hufanya hivyo. Lililofichika zaidi ni ritifaa, ile alama ya ng': alama iliyonyooka ipo kwenye alfabeti ya GSM, ile iliyopinda haipo, na baadhi ya kibodi za simu huipinda zenyewe bila mwandishi kuomba. Ujumbe wa herufi 150 wenye neno ng'ambo unakuwa vipande vitatu hivyo. Jukwaa linyooshe alama hizo kabla ya kutuma, na limwonyeshe muundaji idadi ya vipande anapoandika.

"Nilianza kuunda, nikaacha"

Wengi hawalalamiki hili, wanaondoka tu, kwa hiyo utaliona kwenye takwimu zako za rasimu zisizomalizika. Chanzo chake ni jukwaa kuigwa kutoka kwenye kompyuta. Visanduku vinavyounganishwa kwa nyaya vilifaa kipanya na skrini pana. Kwenye simu kidole kinaficha kile kinachojaribu kukishika. Orodha inayoshuka chini, hatua juu ya hatua, kama ilivyo kwenye Shortcuts ya Apple, inafanya kazi vizuri zaidi, na ukomo wake wa matawi si hasara kwa huduma ndogo.

Ukurasa mtupu nao hutisha. Mpe mtu huduma iliyokwisha kufanya kazi, abadilishe jina la mji au neno la kutafuta, aone matokeo, kisha aendelee kuchokonoa. Majina ya vipande yawe ya matendo: "bakiza zenye neno hili" inaeleweka, "chuja kwa kigezo" haieleweki hadi uelezwe. Punguza kuandika. Pale panapohitajika namba, ifunguke kibodi ya namba. Visanduku vya maandishi viwe na herufi za pikseli 16 au zaidi, la sivyo iPhone itaukuza ukurasa kila mtu anapogusa. Na kitufe cha kurudi nyuma cha simu kirudishe hatua moja. Kikimtoa mtu nje na kazi yake ikapotea, hatarudi kujaribu.

"Kivinjari kinasema ukurasa huu ni wa kitapeli"

Ukiruhusu kila mtu aunde ukurasa, mmoja ataunda ukurasa wa kuiba nywila. Kama wote wanakaa chini ya anwani moja, onyo la Google Safe Browsing, huduma ya kutambua kurasa hatari, linaweza kuangukia anwani nzima, na wasio na hatia wakaonekana matapeli. Kila muundaji apewe kikoa chake kidogo, na kikoa kikuu kiombewe kuingia kwenye Public Suffix List, orodha ya vikoa ambavyo vikoa vidogo vyake ni vya watu tofauti, kama ilivyo github.io, ili vivinjari viwatenganishe hata katika vidakuzi.

Msimbo wa mtumiaji usiendeshwe kamwe ndani ya ukurasa uleule wenye akaunti za wengine. Oktoba 2005 kijana mmoja aliweka hati ya msimbo kwenye wasifu wake wa mtandao wa kijamii wa MySpace. Kila aliyeutazama akawa ameibeba kwenye wasifu wake, na chini ya siku moja ilikuwa imeenea kwenye wasifu zaidi ya milioni moja. Vipande vya watumiaji viwekwe ndani ya iframe yenye sandbox, yaani fremu iliyofungiwa isiguse ukurasa mkuu, kwenye kikoa tofauti, na kisanduku cha nywila kisiwe miongoni mwa vipande vinavyopatikana.

Onyo likiwa limeshatoka, ondoa ukurasa wenye kosa, usiufiche tu. Kisha omba uhakiki kupitia Search Console ya Google, ukieleza ulichoondoa na ulichobadilisha. Wakati unasubiri, waandikie waundaji wengine walioguswa, uwaambie ni kurasa zipi zinaonyesha onyo na kwamba kazi yao ipo salama, kabla hawajaanza kuihamisha kwa pupa.